Wanawake huomba, wanaume hunyamaza: kilicho nyuma ya habari za kusaidiwa kufa

Makala hii inazungumzia kujitoa uhai na ugonjwa wa akili. Kama wewe unayesoma una mawazo ya kujidhuru muda huu, acha kusoma. Mtafute mtu aliye karibu umwambie, au nenda zahanati ya jirani. Makala itakusubiri.

Siku tuliposoma kwenye taarifa ya habari kwamba nchini Uholanzi daktari anaweza kuruhusiwa na sheria kumsaidia mgonjwa wa akili kufa, ujumbe ulimiminika studio. Wengi walilaani. Wengine walisema Wazungu wameshiba mpaka maisha yamewachosha. Msikilizaji mmoja wa Ruponda hakulaani wala hakucheka, aliuliza mambo mawili. Kwanza, ni kweli mtu asiye na saratani, anayetembea kwa miguu yake mwenyewe, anaweza kukubaliwa jambo kama hilo? Pili, mbona kila habari ya namna hii ikisomwa anayetajwa ni mwanamke?

Swali la kwanza lina jibu fupi: ni kweli. La pili ndilo lililonikalisha chini. Nililifuata mpaka Ulaya, na nilipolimaliza nikajikuta nimerudi hapa hapa Nachingwea na Ruangwa.

Wenzetu wameruhusu nini hasa

Uholanzi na Ubelgiji zilianza kutumia sheria zao mwaka 2002. Sheria hizo hazisemi kwamba kila anayetaka kufa asaidiwe. Uholanzi inataka mgonjwa aombe mwenyewe, kwa hiari na baada ya kufikiri vizuri. Mateso yake yawe hayavumiliki na hayana dalili ya kupungua, na pasiwe na njia nyingine ya maana iliyobaki. Daktari mwingine asiyehusika lazima amwone. Ugonjwa ukiwa wa akili, anatakiwa pia bingwa wa magonjwa ya akili aliye nje ya jambo hilo. Ubelgiji nayo inataka mwezi mmoja upite kati ya ombi la maandishi na kutekelezwa kwake, kwa mgonjwa ambaye hayuko karibu kufa.

Walio wengi wanaotumia sheria hizi ni wagonjwa wa saratani na magonjwa mengine ya mwili. Mwaka 2024 Uholanzi ilipokea taarifa 9,958 za watu waliosaidiwa kufa, na kati ya hao waliokuwa na ugonjwa wa akili ni 219. Ni kama wawili katika kila mia. Lakini mwaka 2010 walikuwa wawili tu nchi nzima. Kupanda huko ndiko kunakowasumbua hata Waholanzi wenyewe, hasa inapokuwa vijana. Habari iliyozunguka dunia mwaka 2024 ilimhusu Zoraya ter Beek, msichana wa miaka 29, ambaye ombi lake lilichukua zaidi ya miaka mitatu tangu alipolipeleka.

Kanada ilikusudia kuruhusu jambo hili kwa wagonjwa wa akili, kisha ikasita. Mwaka 2024 bunge lao lilisogeza mbele tarehe hadi Machi 17, 2027, kwa maelezo kwamba mfumo wao wa afya haujawa tayari. Hebu tulitie akilini hilo. Nchi tajiri kiasi kile, yenye mabingwa wa akili katika miji yake, inasema haijawa tayari.

Hesabu ya wanawake na wanaume

Sasa swali la msikilizaji wa Ruponda. Ukichukua wote waliosaidiwa kufa Uholanzi kwa magonjwa ya kila aina, wanawake na wanaume wanakaribiana. Ukibakiza wagonjwa wa akili peke yao, mizani inalala upande mmoja. Watafiti waliopitia kumbukumbu za wagonjwa wa akili 66 waliosaidiwa kufa kati ya mwaka 2011 na 2014 walikuta wanawake 46. Nchini Ubelgiji, madaktari walifuatilia watu 100 wa kwanza walioomba kwa sababu hiyo katika kliniki moja kati ya 2007 na 2011. Wanawake walikuwa 77, wanaume 23.

Kwa hiyo msikilizaji wetu hakukosea. Aliona sawasawa.

Lakini weka hesabu hiyo kando ya nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Katika hesabu ya dunia nzima, kiwango cha wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Na bado, wanaojaribu kujidhuru wakapona, wengi zaidi ni wanawake.

Yaani panapokuwa na mlango wa kubisha na mtu wa kuuliza, wanaobisha wengi ni wanawake. Panapokuwa hakuna wa kuulizwa, wanaokufa wengi ni wanaume. Kitu gani kinafanya hivyo?

Jibu la haraka analotoa kila mtu ni kwamba wanawake huugua sonona zaidi. Sonona ni ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, unaomnyima mtu usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kufanya chochote. Ni kweli, duniani huwapata wanawake mara moja na nusu kuliko wanaume. Zaidi ya wanawake kumi katika kila mia walio wajawazito au waliotoka kujifungua hupatwa nayo. Kuna kupigwa nyumbani, kuna kulazimishwa, kuna kulea peke yako. Hayo hayahitaji mtafiti kutoka mbali kuja kutueleza.

Ila jibu hilo halitoshi, na hesabu ndiyo inayolikataa. Mara moja na nusu haiwezi peke yake kuzaa 77 kwa 23, ambayo ni zaidi ya mara tatu. Lazima kuna kitu kingine kilichoongeza.

Kitu hicho, kwa ninavyoona mimi, ni faili. Ili mtu asikilizwe na daktari wa Uholanzi au Ubelgiji kwa ombi zito namna ile, ni lazima awe ametibiwa miaka mingi. Awe amemweleza daktari yaliyo moyoni, ametumia dawa hii ikashindikana, amebadilishiwa nyingine, amelazwa, ametoka, amerudi. Faili lake liwe nene. Mwanamke anayeumwa akili huwa na faili hilo kwa sababu alikwenda. Mwanamume mwenye ugonjwa ule ule mara nyingi hana hata karatasi moja. Hakwenda. Anapokufa, ndugu wanasema alikuwa mzima, na kwenye daftari la zahanati jina lake lipo kwa malaria tu.

Tena yupo yule aliyejaribu kujidhuru akaokolewa. Wanawake wengi zaidi huokolewa, hurudi hospitali, na huko ndiko faili linakoendelea kujaa. Wanaume wengi hawaipati nafasi hiyo ya pili.

Anaomba kufa, au anaomba kitu kingine?

Hapa wataalamu wanagombana, na ugomvi wao si wa bure. Katika wale wagonjwa 66 wa Uholanzi, zaidi ya nusu walielezwa kwenye kumbukumbu kuwa watu wapweke au waliotengwa na jamii. Upweke si ugonjwa wa kutibiwa kwa kidonge. Ndiyo maana wapo wanaouliza kama mwanamke yule alikuwa anaomba kufa, au alikuwa anaomba maisha aliyopewa yabadilike na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuyabadilisha. Wanaounga mkono sheria wanajibu kwamba kumwambia mtu mzima mwenye akili zake kuwa hajui anachokiomba ni dharau ile ile ambayo wanawake wameionja siku zote: anasema anaumwa, anaambiwa anazidisha.

Pande zote mbili zina la kusema, na mimi sina mizani ya kuzipima. Nina jambo moja kutoka Ubelgiji ambalo limekaa kichwani mwangu. Kati ya wale watu 100, maombi 48 yalikubaliwa, na waliosaidiwa kufa ni 35. Miongoni mwa waliokubaliwa lakini hawakuendelea, wanane walisema kule kujua tu kwamba wamesikilizwa na njia ipo kumewapa utulivu wa kutosha kuendelea kuishi. Wanane si wengi. Lakini ni watu ambao kilichowashusha mzigo kilikuwa daktari kukaa kitako, kuwaamini na kutowakimbia.

Na kuna upande wa familia, ambao huku kwetu tungeuanza kwanza. Mwaka 2010 mwanamke wa Ubelgiji aitwaye Tine Nys, umri miaka 38, alisaidiwa kufa kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Dada zake hawakuridhika. Walisema madaktari waliharakisha na hawakumtibu mpaka mwisho. Kesi ilichukua miaka. Januari 2020 madaktari watatu walisimama mbele ya mahakama mjini Ghent, na tarehe 31 ya mwezi huo wote wakaachiwa. Mahakama ilitoa uamuzi wake. Kama ndugu walilala usingizi usiku ule, hilo si jambo la hukumu.

Sheria yetu inasemaje

Tanzania hakuna sheria inayoruhusu kumsaidia mtu kufa, awe mgonjwa wa mwili au wa akili. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 216, inasema anayemshawishi au kumsaidia mwenzake kujiua ametenda kosa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Sioni mtu wa hapa akilalamikia kifungu hicho, na mimi pia silalamiki.

Kifungu kinachofuata ndicho kinachohitaji mjadala. Cha 217 kinasema anayejaribu kujiua naye ametenda kosa. Adhabu yake haikuandikwa palepale, kwa hiyo inafuata kanuni ya jumla: kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini, au vyote.

Kanuni hii ilianza kutumika mwaka 1945, wakati wa utawala wa Waingereza, na kosa hilo lilitoka kwao. Waingereza wenyewe walilifuta kwao mwaka 1961, mwezi wa nane. Sisi tulipata Uhuru Desemba ya mwaka huo huo. Yaani walipokuwa wanafunga mizigo kuondoka walikuwa wameshaitupa sheria hiyo kwao, na kwetu wakaiacha imening'inia ukutani. Mpaka leo ipo.

Majirani zetu Wakenya walikuwa na kifungu kinachofanana, namba 226, chenye adhabu ya miaka miwili. Tume yao ya Taifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili walikwenda Mahakama Kuu. Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi alitamka kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba ya Kenya, kwa sababu kinamwadhibu mtu kwa jambo linalotokana na afya ya akili na kumvunjia utu. Ghana ilikuwa imetangulia mwaka 2023, kwa njia ya bunge.

Mtu atasema, sheria ikifutwa si tutakuwa tunawaruhusu watu wajiue? Nimeulizwa hivyo hewani. Jibu langu ni kuuliza: umewahi kusikia mtu aliyefika mahali pale akasita kwa kukumbuka kifungu cha 217? Anayekikumbuka ni ndugu yake, baada ya tukio. Mtu anapelekwa hospitali usiku na wanaomsindikiza wamekubaliana njiani waseme alianguka, au alikosea chupa, kwa kuogopa fomu ya polisi, ile PF3, na maswali yake. Mganga anatibu kuanguka. Mgonjwa anaruhusiwa asubuhi, anarudi nyumbani na kile kile kilichompeleka, na hakuna aliyemwuliza neno.

Hapo ndipo sheria inapowagusa wanawake na wanaume kwa namna tofauti. Mwanamke ndiye anayeokolewa zaidi, kwa hiyo ndiye anayebaki na kosa la kujibu, na aibu ya mtaa juu yake. Mwanamume, anayeelekea kunyamaza kwa desturi, anaongezewa sababu ya kunyamaza: kukiri mawazo yake kunaanza kufanana na kukiri jinai. Kusema tu kwamba una mawazo hayo si kosa, hilo lieleweke vizuri. Lakini ni wangapi wanaojua mstari huo unapita wapi?

Ajabu ni kwamba Kanuni hiyo hiyo ya Adhabu inajua kuwa akili huugua. Kifungu cha 199 kinamhusu mama anayesababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi kumi na miwili wakati akili yake imevurugika kwa ajili ya uzazi. Hahesabiwi muuaji wa kawaida, kosa lake linashushwa. Tena tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Na Katiba yetu, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka katika jamii ulinzi wa maisha yake. Kutoka katika jamii, siyo kutoka kituo cha polisi peke yake. Wabunge wetu wakitaka pa kuanzia, pa kuanzia papo.

Nani anasema nini huku kwetu

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kipindi cha jioni, na nimejifunza kusoma ujumbe. Mwanamke akiandika, hata asipotaja jina, huandika "mimi". Mimi silali. Mimi sioni faida. Mwanamume huandika "dada mtangazaji, nina rafiki yangu". Rafiki huyo ana deni, rafiki huyo hali chakula, rafiki huyo ameacha kwenda shamba. Zamani nilikuwa namjibu rafiki. Siku hizi namjibu aliyeandika.

Kuna chanzo, na kiko katika malezi tunayoyaheshimu. Msichana wa huku anayetoka unyago anatoka na kungwi, mtu mzima ambaye anaweza kumwendea hata miaka kumi baadaye mambo yakimshinda. Mvulana anatoka jando akiwa amefundishwa jambo moja kuliko yote, kwamba maumivu hayapigiwi kelele. Hakuna anayemrudia akiwa na miaka 35 kumwambia kwamba yapo maumivu yanayotakiwa kusemwa. Kwa Wamwera mjomba alikuwa mtu wa kuitwa nyumba ikiyumba. Sasa mjomba mwenyewe yuko Dar es Salaam, anatuma pesa kwa simu na pole kwa ujumbe.

Sitaki kusema wanawake wako salama. Kuwa na wa kumwambia si sawa na kusikilizwa. Mara ngapi mwanamke amesema "nimechoka kuishi" akajibiwa avumilie, ndoa zote ndivyo zilivyo? Anapelekwa kwenye maombi, anapelekwa kwa mganga, anarudishwa kwa mume. Sina ugomvi na maombi. Nina ugomvi na maombi yanayochukua nafasi ya zahanati badala ya kwenda pamoja nayo.

Mwanamume naye ana msimu wake. Anayelima korosho anajua miezi ile ya kupulizia salfa, hela imeshatoka na haijarudi, ada za shule zimefika, aliyemkopa anapita barabarani kila asubuhi. Anahesabu mnada ambao haujafika. Akishindwa, wengi wetu tunakiona kilabu anachokwenda, hatuoni anakimbia nini. Pombe kwake ndiyo dawa asiyoandikiwa na daktari, na inazidisha ugonjwa.

Je, sheria ya Uholanzi ingetufaa?

Msikilizaji mmoja aliniuliza hivyo moja kwa moja, nami nitajibu moja kwa moja. Hapana. Na sitatumia dini kujibu, ingawa misikiti na makanisa yetu yana jibu lao na wengi wetu tunalifuata.

Sheria yao inasimama juu ya sharti moja, kwamba njia nyingine zote za maana zimejaribiwa zikashindikana. Ondoa sharti hilo, sheria yote inaanguka. Sasa chukua mtu wa kijiji cha Ruponda mwenye sonona. Ni njia ngapi zimejaribiwa kwake? Hospitali kubwa ya taifa ya magonjwa ya akili ni Mirembe, iko Dodoma, na kutoka hapa kwa kupitia Dar es Salaam ni safari ya kama kilomita elfu moja. Ipo hospitali ya wilaya, zipo Ndanda na Nyangao ambazo watu wetu wamezizoea, ipo ya mkoa kule Lindi. Lakini mgonjwa wa akili wengi wetu tunamtambua siku anapoanza kuokota makopo barabarani. Anayelia chumbani na kesho yake akaamka kuchota maji hatumwiti mgonjwa. Anayekaa kimya tunamwita mpole.

Kwa Mholanzi swali ni nini kifanyike baada ya dawa ya kumi kushindwa. Kwetu watu wanakufa kabla ya dawa ya kwanza, tena dawa inayofanya kazi kwa wengi.

Ukifika zahanati, useme nini

Wahudumu wameniambia jambo ambalo ningependa kila msikilizaji alijue. Wanawake wenye sonona hufika wakisema kichwa kinauma na mwili umechoka. Wanaume husema vidonda vya tumbo, au hawafiki kabisa. Mhudumu mwenye foleni ya watu arobaini anatibu alichoambiwa, na anatoa vidonge vya maumivu.

Kwa hiyo sema kilivyo. Sema umekosa usingizi kwa wiki mbili au zaidi. Sema chakula hakipiti, kazi uliyoipenda huitaki, unajiona huna faida. Kama umefikiria kufa, sema hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Mhudumu anatakiwa kukutunzia siri. Akiona jambo limemzidi, mwombe rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya. Ukiandikiwa dawa ya sonona, ujue si kama ya maumivu ya kichwa. Huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na wengi huziacha siku ya tano wakidhani wamedanganywa. Usiiache bila kurudi kwa aliyekupa.

Wewe ndugu au jirani unayemwona mtu amebadilika, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Watu huogopa kwamba kuuliza kutampa wazo. Hakumpi wazo, mara nyingi kunampa nafuu. Akikubali kwamba ndiyo, usimwache peke yake usiku ule, vitu vyote vya hatari vya nyumbani na vya shambani vitolewe na vifungiwe kwa mtu mwingine, na asubuhi mwende wote wawili. Kwa mtoto, kuna namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto.

Kwa mwanamume hasa, usimwambie "twende ukatibiwe akili", atakataa. Mwambie mnakwenda kupima presha. Wakati mnasubiri kwenye benchi, atakuambia mengine. Mpaka zamu yake iitwe, mtakuwa mmeshapata la kumweleza mhudumu, na wewe uingie naye ndani akikuruhusu, kwa sababu akifika mezani anaweza kurudia kusema ni tumbo.